Miche mitatu ya bangi sebuleni: Ruhusa ya Ujerumani ina miiba yake

HAPA kwetu anayepanda bangi huificha. Huichomeka katikati ya mahindi au ndani ya msitu, na askari wakifika hapapatikani hata mtu mmoja anayejua shamba ni la nani. Kwa hivyo bila shaka utashtuka, msomaji, siku mwanao aliye Ujerumani atakapokuambia kwa simu kwamba Mjerumani wanayeishi naye nyumba moja ana mche wa bangi chumbani, na kwamba anaunywesha maji mchana kweupe bila kumhofu yeyote.

Mwanao hasemi uongo. Tangu Aprili 1, 2024, mtu mzima anayeishi Ujerumani anaruhusiwa kukuza miche isiyozidi mitatu ya bangi nyumbani kwake kwa matumizi yake mwenyewe.

Huenda ukauliza: Ya Wajerumani yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Mnamo Septemba 13, 2024, mjini Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa kuwafungulia njia Wakenya wanaotaka kwenda kusoma na kufanya kazi huko. Vijana wetu wanakwenda kusomea uuguzi na ufundi, na wengi wao hukodi chumba katika nyumba ya pamoja na wenyeji kwa sababu kodi ni ghali. Nao walioachwa nyuma katika mabweni ya vyuo vyetu hupata habari nusunusu. Husikia tu kwamba "majuu wameruhusu", na hapo hapo hujiona wana haki ya kudai kwamba mambo yamebadilika duniani kote.

Nusu ya habari iliyobaki ndiyo tunayotaka kuitazama leo. Je, mche huu unamtaka nini mtu anayeupanda ndani ya nyumba kwa mara ya kwanza? Na sheria yenyewe inamtaka nini?

Ruhusa yenye masharti

Tuanze na sheria, kwani hapo ndipo wengi hukwama. Ruhusa ni ya mtu aliyetimiza umri wa miaka 18. Ni lazima awe na makao yake Ujerumani kwa muda usiopungua miezi sita. Kwa maneno mengine, mwanafunzi aliyeshuka ndege mwezi jana haruhusiwi kupanda hata mche mmoja, seuze mitatu.

Akiwa nyumbani, mtu huyo anaweza kuwa na bangi kavu isiyozidi gramu 50. Akitoka nje, asibebe zaidi ya gramu 25. Anachokivuna ni chake peke yake. Haruhusiwi kukiuza, wala kumpa rafiki bure, wala kumtumia nduguye kwa posta. Asiivute karibu na mtu aliye chini ya miaka 18, wala mahali anapoonekana kutoka shule au uwanja wa watoto ulio ndani ya mita 100.

Isitoshe, miche yenyewe ni lazima ilindwe. Sheria inataka iwekwe mahali ambapo watoto na watu wengine hawawezi kuifikia, kwa mfano katika chumba au kabati linalofungwa kwa ufunguo. Chungu kilichowekwa dirishani ili wapita njia wakitazame hakitimizi sharti hilo.

Taa badala ya jua

Sasa tuseme wewe ndiwe mpangaji mwenzake. Umekodi chumba mjini Leipzig, unasomea uuguzi, na katika chumba cha pili yumo kijana ambaye hajawahi kupanda hata dhania maishani mwake. Amenunua mbegu chache, chungu, mfuko wa udongo na hema dogo jeusi la kitambaa linalotoshana na kabati la nguo. Utashuhudia nini?

La kwanza ni taa. Hapa kwetu Ikweta inapita, na mchana na usiku hulingana, takribani saa 12 kwa 12, mwaka mzima. Mmea hauna haja ya kuhesabu. Kule Ujerumani mambo ni tofauti. Mwezi wa Desemba mchana wa Berlin hauzidi saa nane, na mwezi wa Juni unakaribia saa 17. Bangi ni mmea unaopima urefu wa usiku. Usiku ukiwa mfupi, hukua kimo na majani. Usiku ukirefuka, huacha kukua na kuanza kutoa maua. Ndiyo sababu anayeupanda ndani hulazimika kuutengenezea jua lake mwenyewe: taa huwaka saa 18 kwa siku wakati wa kukua, kisha saa 12 wakati wa kutoa maua.

Hapo ndipo anayeanza huonja shubiri. Huchukua taa ya kawaida ya kusomea akadhani inatosha. Mche huota baada ya siku chache, ukajivuta kama uzi ukiitafuta nuru, kisha shingo ikapinda na ukalala chini. Hiyo ndiyo sababu umri wa miche mingi ya kwanza hauzidi majuma mawili.

Akishapata taa ya maana, huja kosa la maji. Bila shaka umewahi kuona mtu aliyeletewa ua la chungu akiliua kwa mapenzi. Humwaga maji asubuhi, mchana na jioni. Mizizi nayo inahitaji hewa, na udongo ukiwa tope hukosa pumzi. Majani hulegea kana kwamba yana kiu, na mwenyewe akiyaona hivyo huongeza maji! Udongo huo wenye unyevu kila saa huleta visubi weusi, ambao hawabaki ndani ya hema. Wewe mpangaji mwenzake utawakuta wakielea katika chai yako.

Baadaye majani hugeuka manjano, na kijana hukimbilia dukani kuleta mbolea. Chupa inasema kifuniko kimoja, yeye anatia vitatu. Ncha za majani huungua zikawa kahawia. Mkulima yeyote wa sukuma wiki kule Limuru angemwambia kwamba mbolea nyingi ni sumu, lakini kijana wa mjini atalijua hilo kwa gharama yake.

Dume na jike

Lipo jambo jingine ambalo wenyeji wa Pwani watalielewa upesi kwa sababu wanaujua mpapai. Kama mpapai, bangi huwa na mti dume na mti jike. Ukipanda mbegu za kawaida, karibu nusu hutokea madume. Tofauti ni kwamba mwenye mpapai huhitaji dume ili jike lizae, ilhali mwenye bangi hulikimbia dume kama ukoma. Kinachotafutwa ni ua la jike lisilopata chavua. Dume moja likipasua vifuko vyake ndani ya hema, majike yote hushika mbegu, na kazi ya miezi mitatu huwa imekwenda na maji. Wengi huzuia hasara hiyo kwa kununua mbegu zilizoandaliwa zitoe majike peke yake, ambazo bei yake si ya kuchezea.

Kisha kuna giza. Wakati wa maua, usiku wa mmea ni lazima uwe usiku kamili. Kufungua hema mara kwa mara ili kuchungulia, au kuacha mwanga wa korido upenye kila usiku, huuchanganya mmea. Huweza kurudi katika kukua, au jike likatoa viungo vya kiume na kujizalisha lenyewe. Basi usishangae ukikatazwa kuwasha taa katika chumba ambacho nusu ya kodi yake unailipa wewe.

Harufu na ukuta wenye jasho

Mwezi wa tatu ndio mgumu kwa majirani. Maua yakishaanza kunenepa hutoa harufu kali, nzito, mfano wa kicheche aliyepita. Haifichiki kwa ubani wala kwa kukaanga vitunguu. Huingia katika nguo zako za kazi, hupanda ngazi na kugonga mlango wa ajuza wa ghorofa ya juu. Sheria yenyewe inasema ukuzaji huo usiwe kero ya kupita kiasi kwa majirani. Kwa sababu hiyo wenye mahema hununua feni na chujio la mkaa la kuisafisha hewa inayotoka. Feni hunguruma usiku na mchana.

Mmea pia hutoa jasho. Maji yote yanayonyweshwa chungu hupanda hewani kupitia majani, na katika nyumba za kule ambazo madirisha hufungwa wakati wa baridi, unyevu huo hutua ukutani. Ukuta huota ukungu mweusi. Wenye nyumba wa Ujerumani ni wakali mno katika jambo hili, na mpangaji anayeharibu ukuta aghalabu hulipishwa anapohama. Kumbuka kwamba mkataba wa nyumba huenda ukawa na jina lako pia.

Ukungu huohuo huweza kuingia ndani ya ua. Kwa nje linaonekana zuri, kumbe ndani limeoza na kuwa la kijivu. Kuna watu ambao huona uchungu kutupa kitu walichokilea kwa miezi minne, wakakausha na kuvuta. Mapafu hayasamehi upuuzi huo.

Tupige hesabu ya stima

Watu husema kwamba anayejipandia hujiokolea pesa. Hebu tupige hesabu ndogo. Chukua taa ya wati 100, ambayo si kubwa. Ikiwaka saa 18 kwa siku hula yuniti 1.8. Kwa siku 60 za kukua ni yuniti 108. Halafu siku 60 za maua, saa 12 kwa siku, ni yuniti 72. Jumla ni yuniti 180. Tuseme kila yuniti ni senti 40 za Ulaya, basi bili ya taa peke yake ni Euro 72, kama Sh10,000 za Kenya hivi. Hujatia feni, hema, chujio, mbegu, udongo wala mbolea. Na kama bili ya stima mnaigawa sawa kwa sawa, unamlipia mwenzako kilimo ambacho huna faida nacho.

Mavuno mema, kosa jipya

Tuseme mkulima wetu amepona yote hayo. Amevuna na kuanika. Hapa ndipo penye kichekesho ambacho hata Wajerumani wenyewe wamekizungumzia sana. Sheria inamruhusu miche mitatu, lakini inamruhusu kuweka gramu 50 tu za bangi kavu nyumbani. Mche mmoja uliotunzwa vyema unaweza kutoa kiasi hicho peke yake. Mitatu ikifanikiwa kwa pamoja, mwenyewe amepita mpaka.

Akipatikana na zaidi ya gramu 50 lakini zisizozidi 60, hilo ni kosa la kutozwa faini. Akizidisha 60, ni jinai. Anachotakiwa kufanya na ziada ni kuiharibu. Hawezi kuwapa wenzake, hawezi kuuza, na haruhusiwi kuvuka mpaka nayo kwenda nchi nyingine. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu umemkata mkulima hodari ukamwacha mvivu!

Kwa Mjerumani, kesi ya namna hiyo ni aibu na gharama. Kwa mgeni anayeishi kwa kibali, kesi ya jinai huweza kumharibia kibali chenyewe. Polisi wakiingia katika nyumba ya wapangaji watatu na kukuta miche saba, swali la kwanza ni: Ipi ni ya nani? Kila mtu mzima anahesabiwa mitatu yake, lakini wewe uliyefika miezi minne iliyopita huna haki hata ya mmoja. Ukikubali kwa ukarimu tu kwamba "miwili andika yangu", umejitia kitanzi.

Nguvu isiyopimwa

Zaidi ya vyombo vya dola kuna afya. Bangi hulevya kwa kemikali iitwayo THC, ambayo hukaa katika utomvu unaonata juu ya maua. Kiasi chake hutofautiana sana kutoka mmea hadi mmea. Vyama vya wakulima vilivyoruhusiwa Ujerumani tangu Julai 2024 vina sharti kwamba mwanachama aliye kati ya miaka 18 na 21 asipewe bangi yenye THC inayozidi asilimia 10. Aliyepanda chumbani hana maabara. Hajui kama alichokivuna ni asilimia 5 au 20, na anayevuta naye hajui pia.

Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi karibu umri wa miaka 25. Madaktari wanaonya kwamba kutumia bangi kali mara kwa mara kabla ya umri huo hudhoofisha kumbukumbu na masomo, na kwa baadhi ya vijana huongeza hatari ya kupatwa na wazimu. Walio katika hatari zaidi ni wale ambao katika jamaa zao kuna aliyewahi kuugua maradhi hayo. Mzazi, ikiwa ukoo wenu una historia hiyo, usiifiche kwa aibu. Mwanao ana haki ya kuijua kabla hajaondoka.

Halafu kuna kuendesha gari. Tangu Agosti 2024, dereva wa Ujerumani asiwe na THC ya nanogramu 3.5 au zaidi katika mililita moja ya seramu ya damu. Lakini aliye chini ya miaka 21, au aliye katika miaka miwili ya kwanza ya leseni, hatakiwi kuwa na chembe. Vijana wengi tunaowasindikiza uwanja wa ndege wamo katika kundi hilo la pili.

Na hapa nyumbani je?

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ruhusa ya Ujerumani huishia katika mipaka ya Ujerumani. Nchini Kenya, Sheria ya Kudhibiti Dawa za Kulevya ya 1994 inakataza kupanda bangi, uwe umeipanda shambani Migori au ndani ya debe kwenye roshani ya ghorofa ya nne. Sheria hiyo iliweka adhabu ya faini ya Sh250,000, au mara tatu ya thamani ya mmea ikiwa ni zaidi, au kifungo cha hadi miaka 20, au vyote viwili. Sheria ilifanyiwa marekebisho mwaka wa 2022, lakini kupanda kungali hatia.

Tena sikiliza vizuri wewe mwenye nyumba: sheria haimtazami aliyepanda peke yake. Mwenye mahali au anayekaa mahali hapo, akiruhusu patumiwe kwa kilimo hicho, naye ana hatia. Mzazi anayeuona mche katika chumba cha mwanawe wa chuo kikuu akanyamaza ili pasiwe na kelele nyumbani, amejiweka katika kizimba kimoja naye. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Hatusemi kwamba Wajerumani wamekosea au wamepatia. Hilo ni lao, na hata wao hawajamaliza kubishana. Serikali iliyoingia madarakani mwaka wa 2025 ilikubaliana kuitathmini upya sheria hiyo. Anayesafiri aulize hali ilivyo siku anapofika, asitegemee aliyoyasoma mwaka juzi.

Kwa hivyo ukiwa na kijana anayejiandaa kwenda huko, keti naye. Pamoja na kumfunza kupika ugali na kufungua akaunti ya benki, mwambie haya machache. Kabla ya kutia sahihi mkataba wa nyumba, aulize waziwazi kama kuna mtu anayekuza bangi humo. Kama yupo na kijana hataki kuishi nayo, atafute chumba kingine mapema. Hilo si utovu wa adabu. Kama atakubali kukaa, miche iwe ndani ya chumba cha mwenyewe kinachofungwa, na bili ya stima igawanywe kwa haki. Asikubali kuwekewa kitu katika kabati lake wala kubebeshwa kifurushi asichokijua. Na siku ya kurudi likizo, aisafishe mikoba yake na kukagua kila mfuko wa koti, hasa koti aliloazimwa.

Na wewe mwanafunzi uliye hapa, ikiwa kinachokuvuta ni raha ya kuona kitu kikimea chumbani mwako, tia udongo ndani ya debe, panda dhania au sukuma wiki, uweke dirishani. Jua la Nairobi litakufanyia bure kazi ambayo Mjerumani anailipia Euro 72.